Mambo ya Nyumbani na Shambani: Mlinzi wa Kuku ni Mlango wa Jioni

Watu wengi hudhani ya kuwa wanyama walao kuku ni taabu ya watu wa mashambani tu, na kwamba mtu akaaye katika mji mkubwa kama Nairobi, penye taa za umeme na ngurumo za magari usiku kucha, hana haja ya kuwawaza. Wenyeji wa Muthangari wanajua sivyo. Wengi wao wenye mabanda wamewahi kuamka asubuhi wakakuta manyoya majanini badala ya kuku, na waliofuga sungura nao wamepata hasara ya namna hiyo hiyo.

Sababu yake iko wazi kwa mtu atazamaye ramani. Muthangari iko upande wa magharibi wa mji, jirani na Lavington na Kileleshwa, na nchi ya huko imekatwa na mabonde ya mito. Mto Nairobi wapita upande huo, na vijito vya Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo haviko mbali. Kingo za mito hiyo zina vichaka na miti mahali pasipojengeka kwa urahisi, na vichaka hivyo ndivyo barabara kuu za wanyama. Kaskazini ya mji upo msitu wa Karura. Kusini magharibi upo msitu wa Ngong Road. Karibu na katikati ipo bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907. Na kusini ipo Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946. Basi mji huu umepakana na pori pande kadhaa, na mito imelileta pori hilo mpaka nyuma ya jikoni za watu.

Tena nchi yenyewe haikuwa mji tangu zamani. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni ya St. Austin's mwaka 1899, sehemu hizo zilikuwa za mashamba na misitu, nao wakapanda kahawa. Baadaye mashamba yaligeuka kuwa nyumba zenye bustani kubwa, na siku hizi bustani hizo zinageuka kuwa majumba ya ghorofa. Wanyama wakubwa walikwenda zao. Wale wadogo walibaki, wakajifunza kuishi kwa panya wetu, takataka zetu na, mara kwa mara, kuku wetu.

Hasara ya kuku si jambo la kuchekwa. Mtetea hulalia mayai kwa siku 21, na kifaranga huchukua miezi mitano au sita hivi kabla hajaanza kutaga. Kwa hiyo mnyama aingiaye bandani usiku mmoja hula kazi ya nusu mwaka. Kwa mtu mwenye mshahara mdogo, kuku kumi nyuma ya nyumba ni mayai ya watoto, ni daftari za shule, na ni akiba ya siku ya msiba. Hata Kaunti ya Nairobi iliutambua ufugaji wa namna hii ilipopitisha, mwaka 2015, sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Yafaa basi kuulinda kwa akili.

KUMJUA ADUI

Mpelelezi mwema hamkamati mtu kabla hajatazama nyayo. Mfugaji naye, apatapo hasara, asikimbilie kulaumu. Na asimame kwanza atazame, maana kila mwizi huacha alama yake, na dawa ya mmoja si dawa ya mwingine.

Mwizi mashuhuri wa usiku ni kanu. Huyu ni mnyama, wala si chama cha siasa kilichoundwa mwaka 1960. Umbo lake ni jembamba kama la paka, mwili una madoadoa, na mkia ni mrefu wenye pete nyeusi. Hupanda miti kwa wepesi na kutembea juu ya paa bila kishindo. Tundu likikipitisha kichwa chake, mwili nao hufuata. Akiingia mahali ambapo kuku wamefungiwa wasiweze kukimbia, aghalabu huua zaidi ya mmoja, akala kichwa na kifua cha mmoja na kuwaacha wengine wamelala.

Wa pili ni nguchiro. Wapo wembamba watembeao mchana, na yupo mkubwa mwenye mkia mweupe atembeaye usiku peke yake. Nguchiro hupenda mayai sana. Wengine hulishika yai kwa miguu ya mbele, wakalipa jiwe mgongo, na kulirusha nyuma kati ya miguu yao mpaka livunjike. Mfugaji aonapo maganda yamevunjika kando ya jiwe au ukuta, asimshitaki mtoto wake kwa wizi wa mayai kabla hajamfikiria nguchiro.

Nyegere haonekani mara nyingi, lakini afikapo hujulikana, kwa kuwa huchimba chini ya ukuta na kung'oa mbao kwa nguvu zinazomshangaza mtu. Kenge na nyoka hutoka mtoni. Yai lililomezwa na nyoka aghalabu hutoweka lote, lisiache hata kipande cha ganda. Panya huwatafuna vifaranga miguu wakiwa usingizini. Siafu huja usiku, hasa nyakati za mvua, na wakiwakuta vifaranga ndani ya sanduku huwamaliza kabla ya mapambazuko, wasibakize ila mifupa na manyoya.

Wezi wa mchana huja kutoka juu. Mwewe na kipanga hunyakua vifaranga uani mbele ya macho ya mwenyewe, na kunguru huiba mayai na vifaranga wadogo. Kipanga akimlia kuku papo hapo, manyoya hubaki yamenyofolewa na kutapakaa mahali pamoja. Kima nao, washukapo kutoka mitini kutafuta matunda na mabaki ya jikoni, hawaliachi yai walionalo.

Wasisahauliwe wezi wa karibu. Mbwa wasio na bwana, wakiingia bandani, wanaweza kuua kuku wote kwa mchezo tu, wasile hata mmoja. Paka shume huchukua kifaranga kimoja kila siku mpaka tenga likabaki tupu. Na mahali ambapo kuku wote wametoweka pasipo unyoya mmoja, na kufuli limekatwa kwa msumeno, mfugaji asihangaike kutafuta nyayo za kanu. Mnyama huyo ana miguu miwili, na habari zake zipelekwe kituo cha polisi.

KARANI NA CHUPA YA DAWA

Ili jambo hili lieleweke vizuri, msomaji na amfikirie karani mmoja wa Muthangari, ambaye mkewe alikuwa na mitetea 14. Mitetea hiyo ilikuwa mali ya mama mwenyewe. Aliinunua kwa fedha za ushoni, na faida yake alikuwa ameiweka kwa nguo za shule za binti yao mkubwa aliyekuwa akingojea kuingia kidato cha kwanza. Asubuhi moja mitetea tisa ilikutwa imekufa. Mmoja aliliwa kichwa na kifua. Minane haikuliwa, iliuawa tu.

Karani alikasirika. Alikwenda dukani akanunua chupa ya dawa ya kuulia wadudu wa mboga, akachukua kuku mmoja aliyekufa, akaanza kumpasua tumbo ili aimimine dawa ndani yake. Jirani yake, mzee aliyestaafu baada ya kufanya kazi miaka mingi pamoja na madaktari wa mifugo, alimwona kupitia ua wa michongoma.

"Habari za asubuhi, mwanangu," mzee akasema. "Naona una kazi."

"Si njema, Mzee. Nimeliwa. Lakini huyu aliyenila, leo usiku atakula mara ya mwisho."

"Na ukishamaliza, mzoga huo utauweka wapi?"

"Pale chini, karibu na mto. Ndiko anakotoka."

Mzee alinyamaza kidogo. "Mbwa wa askari wa jengo lile hupita pale kila usiku," akasema. "Watoto wa mama auzaye mboga hucheza pale kila jioni. Bundi alaye panya wetu hukaa katika mti ule. Mwanangu, sumu haijui kusoma jina la mtu. Unaiandikia barua kanu, nayo inafika kwa jirani."

"Basi nikae tu, niwape na hawa watano waliobaki?"

"La. Lakini kabla hujamhukumu kanu, nijibu neno moja. Jana nani aliyefunga mlango wa banda?"

Karani alimtazama mkewe, aliyekuwa akikusanya manyoya ndani ya gunia. Mama huyo hakuinua macho. "Baba watoto," akasema taratibu, "mlango ule hauna komeo tangu mwezi wa Aprili. Tunaufunga kwa kamba. Nilikuambia."

Hapakuwa na la kujibu. Karani alikuwa akipita mbele ya mlango huo kila asubuhi aendapo kazini, naye aliijua kamba hiyo vizuri. Aliichukua chupa akairudisha dukani. Kwa fedha hizo, na nyingine kidogo alizokopa, alinunua komeo la chuma, bawaba mbili na wavu wa waya. Kuku waliokufa walifukiwa katika shimo refu. Jioni hiyo mzee alimwagiza atandaze majivu mbele ya banda, ili wajue nani ajaye.

Usiku ule ule mgeni alirudi, na asubuhi nyayo zake ndogo zilionekana katika majivu, zimelizunguka banda mara mbili. Usiku wa pili alizunguka tena. Usiku wa tatu alifika mlangoni tu, akageuka. Usiku wa nne majivu yalikuwa safi. Hakuna aliyekufa, si kanu, si mbwa wa askari, wala kuku. Nguo za binti zilinunuliwa kwa mkopo wa mshahara, nao mkopo ulilipwa kwa muda wa miezi mitatu. Komeo lililotakiwa mwezi wa Aprili lingekuwa rahisi kuliko hayo yote. Wahenga walisema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

HATARI YA SUMU

Maneno ya mzee yule si ya kutisha watoto. Nchi ya Kenya imekwisha kuona madhara ya sumu ya mashamba itumiwapo juu ya wanyama. Dawa ya wadudu iitwayo Furadan ilitumiwa na wafugaji wengine kuua simba na fisi waliokula ng'ombe, na tumbusi walioshukia mizoga hiyo wakafa pia. Kelele zilipozidi, mwaka 2009 kampuni iliyoitengeneza ilianza kuinunua tena madukani na kuiondoa nchini. Lakini dawa nyingine zenye nguvu zilibaki, na mwezi wa Desemba 2015 simba wa Maasai Mara walitiliwa sumu katika mzoga wa ng'ombe, wengine wakafa.

Ikiwa hayo yalitokea katika mbuga pana, mtu na apime mwenyewe yatakavyokuwa mjini, ambako watu wamebanana. Mzoga wenye sumu huburutwa na mbwa kutoka kiwanja kimoja hadi kingine. Panya aliyekula sumu huliwa na paka wa nyumbani. Mvua ikinyesha, sumu huingia mtoni, na maji ya mto huo huchukuliwa na wakulima wa mboga walioko chini.

Liko na neno la sheria. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inamkataza mtu kuua mnyama wa pori bila ya idhini. Sheria hiyo yaweka pia fidia kwa mifugo iliyouawa na wanyama wakali walioorodheshwa, kama simba, chui na fisi. Kanu na nguchiro hawamo katika orodha hiyo. Maana yake ni kwamba mwenye kuku hawezi kumlipiza kisasi mwizi wake, wala hawezi kuidai Serikali hasara yake. Kilichobaki mkononi mwake ni banda.

BANDA LILILO IMARA

Makosa mengi huanzia katika wavu. Wavu mwembamba wenye matundu ya pembe sita, uuzwao kila duka la vifaa, ulitengenezwa ili kuwazuia kuku wasitoke. Haukutengenezwa ili kumzuia mnyama asiingie. Mbwa huurarua, na mnyama mwembamba hupenyeza mkono wake akamvuta kuku aliyelala karibu. Yafaa kutumia wavu wa waya mgumu wenye matundu ya nusu inchi, uliopigiliwa kwa misumari ya kupinda kwenye mbao zenye afya. Kama fedha hazitoshi kwa banda zima, wavu huo na uwekwe kwanza madirishani na sehemu zote za chini mpaka kimo cha futi tatu.

Banda na liinuliwe juu ya nguzo, futi mbili au tatu kutoka ardhini. Kila nguzo na ivishwe bati laini, ili panya wasipate mahali pa kushika kucha. Usiku wa siafu, majivu mengi yaliyozungushiwa nguzo, au makopo yenye mafuta machafu ya gari chini ya kila mguu, huwazuia. Mahali ambapo banda limejengwa juu ya ardhi, wavu na ufukiwe kina cha futi moja, kisha upindwe kuelekea nje. Mnyama achimbaye huanzia penye ukuta. Akikuta waya chini ya kucha zake hukata tamaa, maana hajui kurudi nyuma akaanzia mbali.

Paa lisiwe na mwanya baina ya bati na ukuta. Matawi ya miti yaliyolala juu ya paa yakatwe, kwa kuwa hayo ndiyo ngazi ya kanu. Mlango uwe na komeo la chuma lenye pini, wala si kamba, wala si jiwe lililoegemezwa. Baada ya kumaliza, mwenye banda na aingie ndani mchana, ajifungie, atazame. Popote aonapo nuru ikipenya kwa upana wa vidole viwili, hapo ndipo mwizi atakapopita.

Kwa ajili ya wezi wa mchana, vifaranga wakae chini ya tenga pamoja na mama yao kwa majuma ya kwanza, na uwanja wao uwe na wavu juu, au kamba zilizovutwa huku na huku kwa karibu karibu. Mwewe hapendi kushuka mahali ambapo mabawa yake yatanaswa. Vichaka vifupi navyo ni msaada, kwa kuwa kuku apate mahali pa kukimbilia. Mayai yaokotwe mara mbili kwa siku.

Lakini banda la fedha nyingi likiachwa wazi ni sawa na hapana banda. Hapa watu wa Nairobi wana bahati ambayo wengi hawaifikiri. Kwa sababu mji huu uko karibu na Ikweta, jua hutua karibu saa ile ile mwaka mzima, yaani kwenye saa 12 na nusu jioni. Kwa hiyo saa ya kufunga mlango haibadiliki Januari hata Desemba. Kuku wenyewe huingia bandani giza lianzapo, kwa kuwa hawaoni vizuri usiku. Yatakiwa mtu mmoja, ajulikanaye kwa jina, awe na kazi hiyo kila jioni: kuwahesabu, kufunga komeo, kutia pini, kisha kumwambia mwenye nyumba hesabu aliyoipata. Kazi iliyo ya kila mtu si ya mtu yeyote. Tena mlango usifunguliwe asubuhi kabla jua halijachomoza, kwa kuwa saa ya mapambazuko ndiyo saa ya wanyama wengi kurudi mafichoni wakiwa na njaa.

PAKA, MBWA NA SUNGURA

Sungura na walindwe kama kuku, wala wasiachwe katika vibanda vya mbao nyembamba juu ya majani. Paka wa nyumbani ni heri alale ndani usiku. Apataye chakula jioni ndani ya nyumba hujifunza upesi kurudi saa hiyo, na kwa njia hiyo huokoka kutoka kwa mbwa wa barabarani na magari pia. Wenyeji wa Karen na Langata, ambao mitaa yao imekaribiana na mbuga, wana sababu kubwa zaidi, maana huko chui hupita, na chui hupenda sana nyama ya mbwa. Mbwa wa mtu akaaye huko asifungwe mnyororo nje usiku. Mbwa aliyefungwa hawezi kupigana wala kukimbia. Mtu aonapo chui au nyayo zake, asimfuate wala kukusanya watu wenye marungu. Na awape habari maofisa wa Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, ambalo makao yake makuu yako barabara ya Langata.

Liko jambo lililo zito kuliko kuku wote, nalo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulijulikana kwanza nchini Kenya mwaka 1912, katika mbwa, karibu na Nairobi. Mbwa ndiye auenezaye zaidi kwa binadamu, lakini bweha, nguchiro na nyegere waweza kuwa nao pia. Mbwa apiganaye usiku na mnyama wa pori nyuma ya nyumba huweza kuuleta mpaka kwa watoto. Kwa hiyo kila mbwa na kila paka achanjwe kila mwaka na daktari wa mifugo. Serikali ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa watu ifikapo mwaka 2030, na mpango huo hauwezi kufaulu pasipo chanjo ya mbwa wa kila nyumba.

Mtu aumwapo na mnyama yeyote, kidonda na kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile apigwe sindano. Asingoje kuona kama ataugua. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili, karibu hapana aponaye. Na mnyama wa pori atembeaye mchana akiyumba, asiyeogopa watu, asiguswe na mtu yeyote hata kwa huruma.

JIRANI NA TAKATAKA

Huko Marekani kuna mnyama wa jamii ya mbwa, mfano wa bweha wetu lakini mkubwa kidogo, aitwaye koyote. Huyu ameingia katika miji mikubwa kabisa, na watu wa huko humlalamikia kama watu wa Muthangari wanavyomlalamikia kanu. Katika mji wa Chicago wataalamu walianza mwaka 2000 kuwavisha koyote mikanda yenye mitambo ya redio ili wajue waendako. Walichunguza pia kinyesi chao wajue walacho. Waliona kwamba panya na wanyama wengine wa pori walikuwa sehemu kubwa ya chakula chao, na paka wa watu walikuwa haba sana. Waliona pia kwamba koyote waliozoea watu na kuwa wasumbufu, mara nyingi walikuwa wale waliolishwa na watu.

Mafundisho hayo yafaa hapa. Mnyama haji kwanza kwa ajili ya kuku. Huja kwa ajili ya mabaki ya ugali, matumbo ya samaki na panya wakusanyikao penye takataka; kisha, akiisha kuizoea njia, huona mlango wa banda. Kwa hiyo mtama na uwekwe ndani ya debe lenye kifuniko, chakula cha mbwa kisilale nje, na kuku aliyekufa kwa maradhi asitupwe mtoni bali afukiwe shimo refu au achomwe. Mahali penye majumba ya ghorofa, ambapo nyumba 40 zina pipa moja la takataka, jambo hilo haliwezi kufanywa na mtu mmoja. Wapangaji, mwenye nyumba na askari wa lango hawana budi kukaa pamoja na kupatana.

Tena mtu afikirie faida. Kanu mmoja na bundi mmoja hula panya wengi kwa mwaka, nao hawaombi mshahara. Amwuaye kanu huacha nafasi tupu, na nafasi hiyo haikai tupu muda mrefu. Kanu mwingine huja kutoka mtoni, na panya huzidi katika siku hizo za katikati. Lakini akutaye mlango umefungwa usiku huu, na kesho, na kesho kutwa, hujifunza kuipita nyumba hiyo, akaenda zake kuwinda panya, kazi aliyoumbiwa.

Basi kila mfugaji asomaye habari hizi na atoke nje leo kabla ya saa 12 na nusu jioni, aende bandani, alitikise komeo kwa mkono wake mwenyewe, na kuwahesabu kuku wake. Akikuta kamba mahali pa komeo, dukani bado pako wazi.